Jina la mwanao liko kwenye simu za watu wangapi?

Mwanangu wa mwisho anasoma darasa la tano katika shule ya msingi ya serikali hapa Mikocheni. Darasa lao lina watoto 108. Kundi la WhatsApp la wazazi lina watu 131, maana familia nyingine wameingia baba na mama, na nyingine shangazi.

Mtaa wetu ni wa watu mchanganyiko. Upande mmoja kuna nyumba za ukuta mrefu na mlinzi getini, upande wa pili kuna vyumba vya kupanga ambako familia sita zinatumia choo kimoja. Wenye kuta ndefu wengi wao watoto huchukuliwa na basi la njano kwenda shule za kulipia. Waliobaki ndio sisi: dereva bodaboda, mama lishe, fundi, mlinzi, mwenye genge, na mtumishi wa ofisi wa kawaida kama mimi. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 madarasa yamejaa, na mwalimu hawezi tena kumjua kila mzazi kwa sura. Simu ndiyo imekuwa mlango wa shule.

Sina ugomvi na kundi hilo. Kupitia kundi tumechangiana misiba. Siku ya mvua kubwa tuliambiwa mapema tuwafuate watoto kabla barabara hazijajaa maji. Mtoto mmoja aliyepotea akitoka shule alionekana karibu na Shoppers Plaza, na ndani ya saa moja mama yake alikuwa naye. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, usinisome kama mtu anayetaka turudi kwenye barua za karatasi zinazolowa ndani ya begi.

Ninataka tuzungumze kuhusu kile kinachopita humo.

Safu ya mwisho

Mwanzo wa mwaka, mwalimu wa darasa aliweka kwenye kundi picha ya karatasi. Aliandika: "Wazazi, hakikini taarifa za watoto wenu kabla sijaziingiza kwenye mfumo." Nia yake ilikuwa njema. Jina likikosewa herufi moja leo, mtoto atahangaika nalo hadi kwenye cheti cha darasa la saba.

Karatasi ilikuwa na safu nane: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, mtaa anaoishi, anaishi na nani, jina la mzazi, namba ya simu, dini, na safu ya mwisho iliyoandikwa "maoni". Katika safu hiyo kwa watoto wengi hapakuwa na kitu. Kwa wachache palikuwa na neno moja au mawili. Yatima. Pumu. Haoni vizuri. Na kwa mtoto mmoja: anatumia dawa.

Kila anayeishi mjini hapa anajua watu wanavyolisoma neno hilo likiandikwa hivyo, bila jina la ugonjwa. Kuna dawa za kifafa, za selimundu, za moyo, za kisukari. Lakini watu hawakuuliza. Walishajijibu.

Baada ya muda baba mmoja aliandika kwa adabu: "Mwalimu, samahani, hii karatasi ina mambo ya ndani." Mwalimu akaifuta kwa wote. Lakini WhatsApp katika simu nyingi hupakua picha yenyewe na kuiweka pamoja na picha za harusi na za watoto. Kufuta kwenye kundi hakumfikii aliyekwisha kuipiga picha skrini au kuituma kwa jirani. Kufikia jioni karatasi ilikuwa imetembea.

Mtoto yule analelewa na bibi yake, anayekaanga vitumbua asubuhi jirani na kituo cha daladala. Nilipita kwake wiki iliyofuata kununua vya watoto.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Leo chukua vingi, vimebaki."

Saa mbili asubuhi vitumbua vya bibi huwa vimekwisha. Siku hiyo beseni lilikuwa nusu. Nikamuuliza kama anaumwa. Akanitazama kwanza, kisha akasema: "Mimi simu yangu ya tochi, hiyo karatasi sijaiona. Ila wateja wangu wote wameiona."

Akaniambia ni dawa gani anayotumia mjukuu wake. Sitaiandika hapa, kwa kuwa hicho ndicho ninachokitetea. Nitaandika alichosema baadaye, maana kimenikaa: "Nilimwambia mwalimu ili mtoto akizidiwa darasani ajue la kufanya. Ningenyamaza, yasingenikuta."

Hapo ndipo hasara ilipo. Tunapozungumza habari ya siri za watoto, wengi tunafikiri ni suala la aibu tu, kwamba mtu mzima anajisikia vibaya siku mbili kisha inapita. Bibi alikuwa anasema jambo zito zaidi: aliyeiamini shule ndiye aliyeumia. Mwaka ujao, mzazi gani kati ya wale 131 atakayeandika kwamba mwanawe ana pumu? Nani atakayesema mtoto wake huanguka kifafa? Watanyamaza. Na siku mtoto atakapobanwa kifua wakati wa michezo, mwalimu hatajua kwamba kuna kipuliza dawa ndani ya begi.

Simu ya mchana

Jambo la pili lilikuja wiki chache baadaye. Mama mmoja wa darasa letu alipigiwa simu saa saba mchana. Mpigaji alijitambulisha kama mwalimu wa zamu. Alitaja majina matatu ya mtoto, darasa lake, na mtaa wanaoishi. Akasema mtoto ameanguka kwenye ngazi, wako njiani kwenda hospitali, itumwe shilingi 80,000 haraka kwa namba ya daktari.

Sisi sote tumezoea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", hata tunautania. Huu haukuwa wa kutania. Mtu akikutajia mwanao kwa majina matatu, miguu inakufa ganzi. Mama yule aliokolewa na jambo dogo: shule haina ngazi. Ni madarasa ya chini yote.

Hakuna aliyethibitisha kwamba mtu yule alizipata taarifa kwenye karatasi yetu. Ila kila alichokitaja kilikuwemo.

Ukipata simu au ujumbe wa aina hiyo, usitume hela hata kama unatetemeka. Kata, mpigie mwalimu unayemjua kwa namba uliyonayo wewe, kisha peleka namba ya tapeli kwenye 15040, namba ambayo Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imeiweka kwa kazi hiyo. Na siku nyingine ukiwa na nafasi, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Mwalimu naye ana simu moja

Katika kikao cha wazazi cha mwezi wa tatu jambo hili lililetwa. Palikuwa na maneno makali. Mzee mmoja alitaka mwalimu aandikiwe barua kwa afisa elimu. Mwalimu alisimama, hakujitetea kwa jambo la karatasi, aliomba radhi. Kisha akauliza swali ambalo lilinyamazisha ukumbi: "Wazazi wangu, watoto ni 108. Bando ni langu, simu ni yangu, muda wa kupiga ni baada ya kusahihisha madaftari. Niambieni nifanyeje?"

Lazima tumsikilize. Baada ya Sensa ya Agosti 2022 serikali iligawa vishikwambi kwa walimu, na hilo lilisaidia. Lakini mawasiliano na wazazi bado yanapita kwenye simu ya mwalimu binafsi, ile ile anayopigia picha za familia yake. Humo ndimo zilimo namba zetu, matokeo ya watoto, picha za vyeti vya kuzaliwa tulizomtumia na ripoti za hospitali. Simu hiyo ikiibwa kwenye daladala, ikipelekwa kwa fundi, au mtoto wake akiichukua kucheza gemu, taarifa za darasa zima zimekwenda nayo. Akihamishwa kwenda wilaya nyingine, zinahama naye.

Yaani kabati la shule liko mfukoni mwa mtu mmoja, bila kufuli. Hilo si kosa la mwalimu peke yake. Ni jambo ambalo hatujalipangia utaratibu.

Sheria ipo, na ina meno

Mzazi mmoja alisema kikaoni kuwa hayo mambo ya faragha ni ya Ulaya. Sivyo. Katiba yetu, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi na ya familia yake. Na Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume inayoisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan hapa Dar es Salaam tarehe 3 Aprili 2024.

Sheria hiyo inamgusa kila anayekusanya taarifa za watu, taasisi za umma zikiwemo. Anayekusanya anapaswa kuwa na sababu ya halali, kuchukua kinachohitajika tu, kukitumia kwa kazi hiyo tu, na kukilinda. Na kuna kipengele ambacho kila mzazi akijue: taarifa zinazohusu watoto zimewekwa kwenye fungu la taarifa nyeti, pamoja na zile za vinasaba na za alama za mwili kama vidole. Kanuni ya jumla ni kwamba taarifa nyeti hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Shule haihitaji ridhaa yako kumsajili mtoto, hiyo ni kazi yake. Lakini kusajili ni jambo moja, na kubandika safu ya maradhi mbele ya watu 131 ni jambo jingine kabisa.

Majirani zetu wameshaona sheria ya namna hii ikifanya kazi. Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa ulinzi wa data nchini Kenya iliitoza Roma School, iliyoko Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi za Kenya 4,550,000. Kosa lilikuwa kuweka hadharani picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Hapakuwa na utapeli, hapakuwa na wizi. Picha tu.

Nikasikia habari hiyo nikakumbuka picha zetu. Wageni wakileta msaada shuleni, cha kwanza ni kamera. Nimeona, si mara moja, mabinti wa darasa la sita na la saba wamepangwa mstari, kila mmoja ameshika pakiti ya taulo za kike usawa wa kifua, nyuma yao kibao chenye jina la shule. Picha inawekwa mtandaoni na mtoa msaada, watu wanapongeza. Hakuna aliyemuuliza binti wa miaka 12 kama anataka dunia ijue. Msaada tunaushukuru sana. Lakini pakiti zinaweza kupigwa picha zikiwa mezani, na mgeni akapigwa picha na mwalimu mkuu.

Na matokeo je?

Kuna wazazi waliosema kikaoni: serikali yenyewe huweka mambo hadharani, kwa nini mwalimu abanwe? Hoja hiyo ina uzito wake. Tumezoea kuona majina ya watoto mtandaoni. Wakichaguliwa kwenda kidato cha kwanza, orodha ya TAMISEMI huonyesha jina na shule aliyopangiwa, mtu yeyote aweza kufungua.

Lakini hata huko mambo hubadilika. Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, Baraza la Mitihani, NECTA, lilitangaza kuacha utaratibu wa miaka mingi wa kutaja shule kumi bora na wanafunzi bora, likisema hauna tija. Wengi tulidhani bila kumi bora mbingu zitaanguka. Hazikuanguka. Watoto wanaendelea kusoma.

Kama Baraza la taifa liliweza kuacha kumtaja wa kwanza, sioni kwa nini kundi letu la Mikocheni limtaje wa mwisho. Kwa muda mrefu tulikuwa tukiwekewa matokeo ya mtihani wa mwezi, majina yote na nafasi, kuanzia wa 1 hadi wa 108. Jirani yangu ana binti aliyekuwa wa 103. Usiku huo mtoto wa mama mwingine alishika simu ya mama yake kunakili kazi ya nyumbani, akaona orodha, na asubuhi darasa zima lilikuwa na jina jipya la binti yule: Mia Tatu. Walidhani ni mzaha. Binti alianza kuumwa tumbo kila siku ya shule, na Jumamosi tumbo linapona.

Hilo nalo tulisahau: kundi ni la wazazi, lakini wasomaji wake ni watoto. Simu haziruhusiwi shuleni, mwanafunzi akikutwa nayo ananyang'anywa. Nyumbani tunamkabidhi simu hiyo hiyo ili anakili maswali, na humo ndani kuna madeni ya michango, ugomvi wa watu wazima na alama za wenzake.

Tulichokubaliana

Kikao kilichukua saa tatu. Barua ya kumshtaki mwalimu haikuandikwa. Badala yake kamati ya shule na wazazi tuliandika ukurasa mmoja, tukaubandika ofisini na kuuweka kwenye kundi. Nautoa hapa kwa mzazi wa Temeke au Kinondoni atakayetaka kuanzia mahali.

Kwanza, kwenye kundi hupita matangazo ya wote tu: vikao, likizo, kazi za nyumbani, misiba. Wanaoandika ni wasimamizi, jambo ambalo WhatsApp inaruhusu kwenye mipangilio ya kundi.

Pili, jambo la mtoto mmoja huzungumzwa na mzazi mmoja. Matokeo kila mzazi anatumiwa ya mwanawe, au anayafuata kwenye kikao. Jina la asiyelipa mchango wa chakula halitajwi kundini.

Tatu, mwalimu anapotaka kuwafikia wengi bila kuonyeshana namba, atumie orodha ya matangazo ya WhatsApp. Orodha moja inabeba watu 256, ujumbe unamfika kila mmoja peke yake, na hakuna anayeona namba ya mwenzake. Sharti ni moja: mzazi awe ameihifadhi namba ya mwalimu kwenye simu yake, la sivyo ujumbe haumfikii. Tulisimama pale pale tukaihifadhi.

Nne, uhakiki wa majina hufanyika shuleni, mzazi anaonyeshwa mstari wa mwanawe tu. Taarifa za afya huandikwa kwenye daftari moja linalokaa kwenye kabati la mwalimu mkuu lenye kufuli, na mwalimu wa darasa anaambiwa anachohitaji kujua ili amsaidie mtoto.

Tano, picha za watoto haziwekwi mtandaoni bila mzazi kutia saini. Asiyetaka, mwanawe hatengwi wala hanyimwi daftari la msaada.

Sita, wazazi tunachangia bando. Shilingi 200 kwa kila mzazi kwa mwezi, anayeweza. Ukimtaka mwalimu afuate utaratibu, usimwachie yeye gharama yake.

Mzee aliyetaka barua ya mashtaka ndiye aliyetoa mchango wa kwanza.

Utaratibu huu si dawa ya kila kitu. Bado tunapiga nakala za vyeti vya kuzaliwa kwenye vibanda vya stationari, na faili linabaki kwenye kompyuta ya pale mpaka mwenye kibanda akumbuke kulifuta. Sasa huwa nasimama pale pale hadi alifute nikiona, na kijana hajawahi kukataa. Bado kuna wazazi wanaotuma mambo kundini usiku wa manane. Na ile picha ya safu nane haitatoka kwenye simu za watu kwa ukurasa mmoja wa makubaliano.

Bibi alikuwa ameshaulizia uhamisho, kumpeleka mjukuu kwa ndugu zake Mbagala. Mwalimu mkuu alimfuata mwenyewe, akakaa kwenye benchi la vitumbua, wakaongea. Mtoto amebaki. Walimu wawili, na hao tu, wanajua afanyiwe nini akizidiwa. Biashara ya bibi imerudi kiasi, si yote.

Muhula mpya unakuja na fomu mpya. Kabla hujaandika, mzazi mwenzangu, uliza maswali manne: Taarifa hii ni ya kazi gani? Nani ataiona? Itakaa wapi? Mwanangu akimaliza shule, itafanywaje? Uliza kwa heshima, shikamoo ikitangulia kwa anayestahili. Mwalimu mwenye majibu atafurahi umeuliza. Asiye nayo, mtakaa mtafute pamoja. Na ukishajibiwa, jaza safu ya afya kwa ukweli, maana mwalimu hawezi kumsaidia mtoto kwa ugonjwa asioambiwa.